Fundi anayelifuata gari linapolala

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, uani kwa mwashi mmoja mstaafu, watu watatu wanaisubiri pikapu na hakuna anayeiwasha.

Boneti iko wazi. Mwashi ana ufunguo mkononi, ila ameambiwa asithubutu kuuchomeka. Mkewe ameshapanda kiti cha mbele, mto mdogo nyuma ya kiuno, miguu imevimba kidogo ndani ya viatu vya wazi.

Anayewazuia ni fundi wao, mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli iliyopauka magotini. Mtaani wanamwita Bi Dizeli, na jina limemganda kiasi kwamba hata mama yake mzazi hulitumia akikasirika.

"Kaka, subiri kwanza," anasema, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Ukiwasha sasa hivi utanifutia ninachokitafuta."

"Fundi, saa moja tunatakiwa tuwe tumefika," mwashi anajibu kwa sauti ya chini, kama anaogopa pikapu itamsikia.

Anayo sababu ya kuogopa. Figo za mkewe hazifanyi kazi, na mara mbili kwa wiki lazima aunganishwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Wagonjwa ni wengi, mashine ni chache. Anayechelewa, nafasi yake hupewa mwingine, naye hukaa kwenye benchi akisubiri huruma.

Wamewahi kuchelewa. Siku hiyo mke aliunganishwa jioni, na kabla ya hapo alishaanza kupumua kwa shida. Mwashi akilisimulia hilo hutazama pembeni.

"Usiku wa kuamkia hospitali silali," anasema. "Mama watoto anaumwa figo, mimi naumwa gari."

Pikapu ni ya dizeli, ya zamani, aliyokuwa akibebea mchanga na saruji enzi za kazi. Kwa miezi kadhaa sasa, kila asubuhi huzunguka na kuzunguka bila kuwaka, mpaka betri inachoka. Majirani huitwa kuisukuma hadi getini, na kutoka uani hadi getini ni mlima. Wengine siku hizi wakisikia mlio wa starta huzima taa.

Fundi wa kwanza alibadilisha betri. Wa pili akabadilisha plagi za kupasha moto injini. Wa tatu akasema pampu ya dizeli imekufa, inunuliwe nyingine. Ndipo mwashi akaileta kwa Bi Dizeli, kwenye banda lake la mabati, akitaka tu kusikia kama kweli pampu imekufa.

Bi Dizeli aliilaza pale bandani. Asubuhi aligusa ufunguo, ikawaka papo hapo. Akailaza tena, ikawaka tena.

"Nikasema, huyu mzee ananitania au?" anakumbuka. "Halafu nikaogopa. Gari likigoma mbele yako, unalo la kushika. Likikutii, unalirudisha kwa mwenyewe na ugonjwa wake."

Alikwenda nyumbani kwao kuuliza zaidi. Mwashi akaeleza kwa kirefu habari za betri na plagi. Aliyetoa la maana ni mgonjwa, akiwa amejilaza kwenye mkeka sebuleni.

"Dada, mimi nimeona kitu, sijui kama kina maana," mke akasema. "Tukirudi tumechoka, huwa analiacha barabarani. Kesho yake linawaka. Akiliingiza uani, ndiyo linakataa."

"Kwa nini hujawahi kuniambia?" mumewe akamuuliza.

"Ulikuwa unaongea na mafundi."

Bi Dizeli alitoka nje akautazama ua. Pikapu ilikuwa imesimama pua juu, imeelekea getini. Barabarani kulikuwa tambarare, na bandani kwake vilevile. Akaanza kushuku kwamba kuna tundu mahali, hewa inapenya kwenye mpira wa mafuta, na pikapu ikilala imeinua pua dizeli yote inarudi zake kwenye tangi. Asubuhi injini inavuta upepo mtupu.

Lakini kushuku si kujua. Jana jioni alirudi, akakata mpira karibu na chujio na kuunganisha kipande cha plastiki angavu ili aone kinachopita ndani. Kikajaa dizeli. Akawaambia wasiiguse mpaka atakapokuja.

Sasa anamulika kwa tochi ya simu. Kipande kile hakina kitu.

"Njoo uone," anamwita mwashi. "Imekimbia yote."

Mwashi anaona, anatikisa kichwa, kisha anauliza swali lililomkaa rohoni tangu alipoamka. "Na leo tutaendaje?"

Fundi anaanza kubonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio. Mapovu yanapita, mengi, halafu machache. Mke amefumba macho.

"Washa."

Inazunguka, inakohoa moshi mweupe, inanguruma. Mwashi anaingia, anafunga mlango. Bi Dizeli naye anatupa mfuko wa spana nyuma na kupanda hukohuko, maana tundu lenyewe bado hajaliona.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake. Alikuwa binti wa kupeleka chakula cha mchana gereji, akawa anachelewa kurudi na vyombo. Mjomba alimkubalia kuosha vyuma tu, akidhani harufu ya mafuta itamfukuza. Hivi leo mjomba ni mzee wa kukaa kibarazani, na watoto wawili wa Bi Dizeli wamesoma kwa kipato cha banda lile.

"Gari la mchanga likigoma, mchanga haufi," anasema. "Hili linabeba mtu. Nikikosea hapa sina wa kumwambia samahani."

Hospitalini wanafika kwa wakati. Mke anapokelewa na muuguzi, mlango unafungwa. Mwashi anarudi kwenye maegesho na kusimama kando ya pikapu inayoendelea kunguruma. Kwa wiki kadhaa hajaizima hapa hata mara moja. Mlinzi ameshamlalamikia hadi amechoka.

"Zima, kaka. Siwezi kuingia chini inawaka."

"Isipowaka tena? Mwenzangu yuko ndani."

"Isipowaka, tutakuwa hapa wote watatu, na mimi ndiye nitakayemweleza."

Mwashi anaingiza mkono dirishani, anaushika ufunguo. Kisha anazima na kwenda kuketi ukingoni mwa maegesho, ameshika kichwa.

Bi Dizeli anatandika boksi, anaingia chini. Anaufuata mpira kwa vidole, toka injini kurudi nyuma, sentimita kwa sentimita, kwa sababu sehemu kubwa haionekani. Mlinzi anakuja kusema maegesho si gereji, anamwona mwashi alivyokaa, anageuka.

Juu ya tangi, mahali pasipofikiwa na jicho, kidole kinagusa vumbi lililoloa dizeli. Anaupinda mpira pale kwenye klipu, ufa unafunguka.

"Nimelishika tundu," anasema kutoka chini. Mwashi anaomba alitamke tena.

Mpira mpya ulikuwa kwenye mfuko wa spana, anaufunga palepale. Mke anapotolewa mchana, amelegea na uso umenyauka, pikapu inawaka. Anamtazama mumewe, anamtazama fundi aliyejaa matope, haulizi. Wanarudi nyumbani na kuiegesha uani, pua juu, kama kawaida.

Alfajiri inayofuata si ya hospitali, lakini hakuna aliyelala. Bi Dizeli anafika kukiwa bado na giza. Mke ametoka, amejishika ukutani. Fundi anainua boneti, anamulika. Kipande cha plastiki kimejaa dizeli mpaka juu.

Mwashi anawasha. Haizunguki hata kidogo cha kutia wasiwasi, inawaka. Anakaa ameshika usukani kwa mikono miwili, mabega yakitikisika, na mkewe anamwambia taratibu, "Baba watoto, njoo ndani ukalale."

Bi Dizeli hajaridhika. Mipira mingine ya pikapu ile ina umri sawa na uliopasuka, na ameshapatana na mwashi kuibadilisha yote kabla ya miezi ya baridi. Siku ya hospitali inayofuata atafika tena alfajiri, bila kuitwa, asimame getini. "Nikishaiona inatoka yenyewe getini mara nyingi mfululizo," anasema, "ndipo na mimi nitaanza kulala."