Pangaboi Lililofungwa

Usiku ule wa kuamkia siku ya mafundi nililala na hasira. Mimi si mtu wa ndoto. Mama ndiye mwenye ndoto zake, na shangazi zangu wakikutana hawana mazungumzo mengine; mimi nikiamka nimeshasahau yote, nawahi kazini. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia msidhani ni mazoea yangu.

Hasira yenyewe ilitokana na pangaboi. Ndivyo kijiji kizima kinavyokiita kile kinu cha upepo kilichosimama nyuma ya nyumba yetu, juu ya kisima: mnara wa chuma, gurudumu la mapanga ya bati kileleni, na mkia mrefu wa kuligeuzia kwenye upepo. Baba alilisimamisha kabla sijazaliwa, kwa vyuma vya shamba la walowezi lililokuwa limeachwa. Kwetu Singida upepo haukosekani, na lilipozunguka lilivuta maji mpaka kwenye hodhi la kunyweshea ng'ombe, majirani nao wakateka humo humo. Mtu akiuliza njia aliambiwa nenda mpaka kwa Pangaboi. Baba mwenyewe aliitwa hivyo, wala hakuchukia.

Lilikuwa na kelele. Lililia chuma kwa chuma usiku na mchana, na wageni wetu walipata usingizi kwa taabu. Sisi tulishindwa kulala lilipokuwa kimya, kwa sababu kimya chake kilikuwa na maana moja tu. Palipotokea msiba kwa jirani, Baba alivuta kamba iliyokuwa chini ya mnara, mkia ukajikunja, gurudumu likaupa upepo ubavu na kusimama. Alisema si adabu chuma kulia kuliko wenye msiba. Dua ya siku ya tatu ikishasomwa, alilifungua. Kamba ile hakuigusa mtu mwingine; aliyefunga ndiye aliyefungua, na pangaboi likianza kulia watu walijua msiba umekwisha, wakarudi mashambani.

Baba alipofariki, Mama ndiye aliyelifunga. Alitoka chumbani kabla hata hajalia, akapita katikati ya watu, akavuta kamba na kuifunga mafundo juu ya mafundo. Siku ya tatu dua ikasomwa. Wote tulimtazama, naye akaingia ndani akalala. Arobaini ikapita, eda ikaisha, mwaka ukapita na mingine ikafuata. Hakuna aliyethubutu kuigusa ile kamba.

Maji yakawa ya kuchota bondeni, na Mama kwa ubishi wake akakataa kuchotewa, mpaka akateleza na ndoo akaumia nyonga. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Nilikuja kutoka Morogoro, nikamwona anavyotembea kwa kushika ukuta, nikaogopa kweli kweli. Tukapanga kwa simu na mdogo wangu Ramadhani kwamba mafundi waje walishushe pangaboi, kisimani iwekwe pampu ya sola. Nilipomweleza Mama alisema fanyeni mnavyotaka. Wanaomjua wanaelewa kwamba hiyo si ruhusa. Jioni ile hakula, akalala ameelekea ukutani, nami nikaona wazi kwamba tukilishusha lingali limefungwa, Mama hatainuka tena. Na nikiliacha, atakufa kwa ndoo. Nikalala na hasira zangu, nimewakasirikia wote wawili, aliye hai na aliyekufa.

Nikajiona uwani. Ni mchana, jua kali, upepo unavuma lakini nguo zilizoanikwa hazitikisiki. Nimebeba ndoo. Ng'ombe wamejipanga kwenye hodhi, pamoja na yule mweupe aliyekufa nikiwa darasa la nne. Hodhi ni kavu, nao hawalii. Wananitazama tu kama watu walioambiwa wasubiri kidogo. Nikataka kuwaeleza kwamba kosa si langu, nikaona aibu kujitetea mbele ya ng'ombe.

Nageuka, na uwa umejaa watu. Majamvi yametandikwa, wanaume wamekaa upande wao, wanawake wanapepeta mchele, na ndoo yangu imekuwa sinia la vikombe vya kahawa. Nawagawia. Mwisho wa jamvi kuna mtu amekaa peke yake, kofia yake imemteleza kidogo upande wa kushoto, na mkono unaonyooka kupokea kikombe ni wa Baba.

Sikushtuka. Ndotoni sikukumbuka kwamba amekufa. Nilichokumbuka ni kwamba sijamsalimia. Nikampa shikamoo yake, naye akaitikia marahaba mama, kama alivyoniita siku zote, kwa kuwa nina jina la mama yake.

Anakunywa kahawa taratibu. Anawatazama wale watu, anautazama mnara na gurudumu lake lililokunjwa. Kisha ananivuta karibu, na kwa sauti ya mgeni asiyetaka kuwaudhi wenyeji, ananiuliza:

"Msiba wa nani huu usiokwisha?"

Ningemjibuje baba yangu swali kama lile? Natafuta mtu wa kunisaidia, na watu hawapo tena, yamebaki majamvi. Yuko Mama peke yake, amekaa mlangoni, kijana, hana mvi hata moja, kanga begani, amekaza macho barabarani. Ninaujua mkao huo. Ndivyo alivyokaa kila Baba alipopeleka ng'ombe mnadani, wakati simu hazijafika kwetu. Hakula wala hakulala mpaka apite mtu amwambie mumeo amefika.

Baba naye amemwona. Najua sasa atamwendea, nami nasogea nimpishe. Haendi. Anamtazama kwa huruma nyingi, na kwa ile haya ya mume aliyechelewa kurudi, niliyoizoea tangu utoto wangu. Anakirudisha kikombe kwenye sinia.

Sasa tuko juu ya mnara, au mnara umeshuka chini kwetu, sijui. Mapanga yako usawa wa mabega yetu na kutu inanimwagikia mikononi kama unga wa mtama. Nchi yote inaonekana, majabali, mashamba ya alizeti, barabara nyeupe inayokwenda kusikoonekana mwisho. Namwambia Baba, kesho tunalishusha. Nimejikaza, nangoja anikemee, na kusema kweli natamani anikemee, nipate kumlaumu mtu. Analigonga panga moja kwa kidole na kusikiliza, kama anayejaribu tikiti sokoni. Anatabasamu. Kuhusu chuma kile hasemi neno.

Anasema tu:

"Mwambie mama yako nimefika salama."

Nikamjibu kwa ukali, ukali ule ule ninaowajibu watu wote wanaponituma. Nikamwambia amwambie mwenyewe, si yule pale mlangoni, anamngoja yeye. Nanyoosha mkono kumwonyesha mlango. Nikigeuka tena, mkono wangu umeshika chuma baridi cha kitanda, na dirishani kumekucha.

Nililia. Nilimlilia Baba asubuhi ile kuliko nilivyomlilia siku ya maziko, maana siku ya maziko nilikuwa na kazi ya kupokea wageni.

Mama nilimkuta jikoni, kwenye kigoda, amewasha moto na hajabandika kitu. Nilimwamkia nikakaa chini karibu naye. Sikumsimulia ng'ombe wala mnara. Nilimwambia Baba amenijia usiku, kisha nikampa ujumbe wake kama ulivyo, bila kupunguza wala kuongeza.

Aliuliza Baba alikuwa amevaa nini, nikamwambia alikuwa na kofia yake na imemteleza upande. Akauliza kama amekonda. Nikasema hapana, yuko vile vile. Akaniuliza tena kama alisema salama, ametamka hilo neno, nami nikamwambia ametamka.

"Kaja kwako," akasema. "Mimi namngoja kila nikifumba macho, yeye kaja kwako."

Sikujua kama ananilaumu. Kisha akajifunika uso kwa kanga akalia, kilio ambacho siku ya msiba hatukukisikia, na nilimwacha alie. Alipomaliza alipangusa pua, akasema yule mwanamume tangu zamani alikuwa mvivu wa kuleta habari. Akainuka akatoka.

Nilitaka kumshika mkono, akanikwepa. Alikwenda kwa kushika ukuta, na ukuta ulipokwisha akaenda hivyo hivyo. Mafundo yalikuwa yamekauka. Aliyahangaikia kwa kucha, kwa meno, mwisho kwa kisu cha jikoni. Kamba ilipoachia, mkia ulinyooka na gurudumu likageukia upepo. Likakwama, likatetemeka, halafu likaanza kuzunguka na kulia, kwa sauti mbaya kuliko nilivyoikumbuka, hata majirani wakatoka nje. Nilimwona mzee mmoja wa nyumba ya pili amevua kofia, anatazama juu.

Maji hayakuja. Tulisubiri, na bomba likatoa hewa na vumbi la kutu, basi. Mama aliinama akachungulia mdomo wa bomba, nami nikahofu kwamba sasa ndio tumemvunja moyo kabisa. Lakini aliinuka uso wake umetulia. Alilitazama gurudumu likizunguka, akasema limechoka, maskini.

Mafundi walifika na kamba zao na ngazi, wakasimama uwani bila kujua waanze kazi au warudi. Mama aliwakaribisha. Aliwapa chai ya maziwa na viazi vitamu, akawaambia wale kwanza washibe, kisha walishushe polepole, na wajihadhari na mapanga, yana makali. Akaketi nao kwenye mkeka akamenya kiazi chake, na tangu nifike sikuwa nimemwona akila hivyo.

Halafu akanigeukia, mdomo umejaa.

"Mpigie simu mdogo wako," akasema. "Mwambie baba yenu amefika salama."