Dimbwi la Shangazi Faida

Harufu ya mihogo inayochacha majini ina ukali wa kubana pua, kama maziwa yaliyosahaulika juani. Mimi nikiisikia, mpaka leo, hubadilisha njia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la sita, na mama alikuwa ametuchukua mimi na mdogo wangu Neema kwenda likizo ya Pasaka kwa Shangazi Faida, dada mkubwa wa baba, katika nyumba ya udongo aliyoachiwa na babu mlimani juu ya Makobola. Kutoka barabarani unapanda kwa miguu muda wa saa tatu. Hapakuwa na jirani, simu hazikushika, na mvua ilikuwa imekigeuza kijia kuwa sabuni. Kutoka uani uliona ziwa chini, milima ya Burundi ng'ambo, na barabara ya Uvira kama uzi mwekundu. Magari yalipita madogo kama wadudu, na mlio wake haukutufikia. Mama alisema, "Pumzikeni." Nikapumzika kama anavyopumzika mbuzi aliyefungwa kamba.

Lazima nikiri jinsi nilivyokuwa. Tangu darasa la kwanza sikuwahi kukosa siku hata moja shuleni. Nikikosea neno moja daftarini, nilichana ukurasa mzima na kuuandika upya, nikilia. Mama aliyaacha madaftari yangu Uvira kwa makusudi, akidhani ananitibu. Tungeteremka, alisema, unga wa kutulisha muhula mzima ukishakuwa tayari. Lakini mvua ilichelewesha kuchimba mihogo, na mimi nikahesabu kwa vidole: kuloweka, kukausha, kutwanga. Tungefika mjini Jumanne. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Siku moja tu, mtu atasema. Kwangu ilikuwa kama kuambiwa nitakatwa mkono mmoja tu.

Mihogo ya kule ni michungu, ile ambayo hata nyani huiacha. Ina sumu, na dawa yake ni maji. Inalazwa dimbwini kando ya kijito, inafunikwa majani ya mgomba, inagandamizwa kwa mawe, na hukaa siku nne, mpaka kidole gumba kizame ndani yake bila kutumia nguvu. Shangazi na mama walishinda shambani wakipalilia karanga, kwa hiyo dimbwi nikakabidhiwa mimi. "Minye magoti iko inaniuma, siwezi kushuka kila saa," Shangazi aliniambia. "Weye ndiye muchungaji. Weye haukoseake." Neema, mwenye miaka mitano, aliyeniita Yaya kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, alinifuata akicheka: "Mama! Yaya iko inahesabu mawe tena!" Kweli nilikuwa nayahesabu. Yalikuwa kumi na tisa.

Baada ya siku mbili niliondoa mawe. Kidole hakikuzama. Nilibonyeza muhogo mmoja baada ya mwingine, na yote ilikuwa migumu kama kisigino. Nikaitoa hata hivyo. Niliimenya, nikaikatakata vipande vidogo kuliko desturi ili ugumu usionekane, na waliporudi jioni nikasema imelainika mapema kwa sababu ilikuwa michanga. Shangazi alitazama vile vipande, vyote sawa kwa ukubwa, akasema hajawahi kuona mihogo iliyokatwa vizuri hivyo. Kwa kuwa jua lilikuwa haba, tuliihamishia juu ya kichanja cha jikoni, na moshi ukafunika kila harufu ambayo ingenisema. Niliomba kutwanga mwenyewe. Nilitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge, na unga ukawa mweupe kabisa. Sikuwa nafikiria sumu. Nilikuwa nafikiria Jumatatu.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mekoni. Katika ukoo wetu unga mpya hauondoki nyumbani kabla haujaonjwa, na tonge la kwanza ni la mtoto mdogo kuliko wote. Jumamosi mchana Shangazi alisonga bugali, akaukata, akamwekea Neema na ndagala wawili, wale samaki wadogo wa ziwani. "Kula, mama mukwe, utuambie kama iko muzuri," alimtania. Neema akafinyanga tonge taratibu, akilifurahia, akachovya kwenye mchuzi. Nikakumbuka kwamba mihogo ile hata nyani huiacha. Niliupiga mkono wake kwa nguvu zangu zote, tonge likaruka hadi ukutani. Mama akanizaba kofi kabla sijafungua kinywa. "Weye! Unapiga mutoto juu ya chakula?" Nikasema. Nilisema yote, mawe, vidole, Jumatatu, huku Neema akilia kuhusu ndagala wake.

Hakuna aliyenipiga tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Shangazi alibeba unga wote hadi chooni na kuumwaga humo, kuku wasiudonoe. Tulichimba mihogo mingine, na shuleni nikafika siku tisa baada ya wenzangu. Asubuhi baada ya unga kumwagwa nilijificha nyuma ya nyumba, nikingoja Neema au hata mbuzi apewe kazi yangu. Shangazi akaniita kwa jina. "Dimbwi iko inakungojea," alisema, akageuka kwenda shambani, bila kutuma mtu wa kunichunguza.

Sasa nina kibanda Uvira ambako nawachapia wanafunzi kazi zao za mwisho, kwa kompyuta niliyojifunza peke yangu, na hakuna kosa linalopita mbele yangu. Neema ni msichana mkubwa, tunafanya kazi pamoja. Aliwahi kuruka ukurasa mzima wa mteja akichapa, na tangu siku hiyo nimemwachia kukata karatasi na kubana vitabu tu. Shangazi alihitaji usiku mmoja tu kunirudishia dimbwi ambalo ningeweza kumuua nalo mtoto. Mimi, kwa ukurasa mmoja, huu ni mwezi wa tatu sijamrudishia Neema kompyuta.