Gari Lenye Mkono wa Pembe

Juzi kaka yangu alinivuta mpaka Kigoma mjini kuangalia gari dogo la mtumba alilotaka kulinunua. Muuzaji akaanza kulisifia: bodi orijino, haijaguswa na fundi yeyote, kama ilivyotoka kiwandani. Nilifungua mkoba, nikatoa sumaku ya spika niliyoivika soksi kuukuu isikwaruze rangi, nikaanza kuipitisha kwenye milango. Kwenye mlango wa nyuma ikadondoka, pu! Muuzaji akanitazama kama mtu aliyemfumania mchawi mchana kweupe. "Dada, kumbe wewe ni fundi bodi?" Nikacheka mpaka kaka akaona haya. Ufundi nautoa wapi, rafiki yangu? Mimi ni mjukuu wa babu mmoja wa Kasulu, basi.

Sijui wewe ulikulia wapi, lakini sisi tulikulia ndani ya gari lisilotembea. Lilikaa uani kwa babu, karibu na jiko la bibi, gari dogo la mgongo wa mviringo, aina ile ambayo watu waliiita kobe: injini nyuma, buti mbele, usukani kushoto. Babu alikuwa na duka la kanga na sabuni sokoni, na gari hilo alilinunua Kibondo kwa mfanyabiashara mwenzake kabla hata mama yangu hajaolewa. Tangu nipate akili sikuwahi kusikia injini yake. Kuku wa bibi walitaga kwenye kiti cha nyuma. Asubuhi za kiangazi, baridi ya Kasulu ikituuma masikio, tulijifungia humo na mihogo ya moto iliyopakwa mawese, tukaendesha mpaka Dar es Salaam kwa honi ya mdomo, na kurudi kabla ya kutumwa maji.

Babu alijivunia gari lile kupita duka lake. "Hili halina puti hata ya kuziba jino," alikuwa akisema, na puti, kama hujui, ni ule unga mzito ambao mafundi hupaka kwenye bodi kuficha mashimo kabla ya rangi. Alitufundisha kulisoma gari kama wenzetu walivyofundishwa juzuu. Ukingo wa madigadi ya kiwandani umekunjwa kwa ndani, haukukati kidole. Alama za kuchomelea za mashine zimepangana kama punje za mahindi. Za fundi wa mtaani, alisema babu, ni matapishi ya mlevi. Na ukigonga kwa kifundo cha kidole, bati la kweli hulia, puti hunyamaza. Sumaku, ambayo hunata kwenye bati na kuikataa puti, tuliiongeza sisi wenyewe, tulipoing'oa kwenye redio ya bibi iliyokufa. Ilinata kila mahali isipokuwa pawili: kwenye nguzo nyembamba nyuma ya kila mlango, sehemu ya urefu wa rula hivi. Tukampelekea babu habari. Akaigeuza ile sumaku mkononi, akatamka hukumu: "Sumaku imechoka hii."

Mwaka 2013 tulipata jirani mpya. Mwanawe alikuwa amejenga nyuma ya kwetu, akamleta mama yake kutoka kijijini, upande wa Mabamba, mpakani. Familia yao ilitoka Burundi miaka mingi nyuma, mambo ya huko yalipoharibika. Nasi tukamwita kama wajukuu zake walivyomwita, Nyogokuru, yaani bibi. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ndogo na kicheko kikubwa. Siku ya kwanza alipokuja kusalimia, bibi yangu akamwekea kigoda, akamletea uji. Nyogokuru hakuugusa. Alikuwa analitazama gari.

"Hili letu," akasema. "Hili lilikuwa la mume wangu. Linanyoosha mkono."

Rafiki yangu, sisi watoto tulicheka mpaka tukakaa chini. Gari linyooshe mkono! Lakini yeye aliendelea taratibu, Kiswahili chake kikipita njia ya Kirundi: kwamba gari lao likitaka kukata kona halikuwasha taa, mkono mdogo ulitoka ubavuni, ukasimama, dereva wa nyuma akajua. Wa kushoto ulikuwa wa kiwandani. Wa kulia ulivunjwa na mbuzi, mume wake akachonga mwingine kwa pembe ya ng'ombe, akaupiga msasa mpaka ukapitisha mwanga.

Babu aliposikia neno "letu" tu, masikio yakaziba. Alidhani mama wa watu amekuja kudai mali. "Nimelinunua mbele ya mashahidi!" akafoka, na tangu siku hiyo akawa akipita uani bila kumtazama jirani usoni. Mtaani nako habari ikakimbia. Watu wakasema mama yule kichwa kimeanza kupungua, masikini, uzee. Mjukuu wake, ambaye tulikaa dawati moja, alikuwa akiulizwa shuleni: baiskeli yenu je, inapiga makofi? Alicheka nao, halafu njiani kurudi analia. Nyogokuru mwenyewe akaacha kuja. Hilo ndilo lililomuuma bibi yangu, maana alikuwa amepata mtu wa kuchambua naye maharage.

Hapo ndipo wakaja watu wa skrepa. Lori lao lilizunguka Kasulu likikusanya chuma chakavu, na bibi, aliyekuwa na hamu ya uwanja wa kuanikia maharage, akamsonga babu mpaka akakubali. Kesho yake asubuhi walikuwa wanakuja kulibeba. Jioni ile Nyogokuru aliivuka tena njia iliyotutenganisha. Alipiga magoti mbele ya babu, jambo ambalo halikumstahili kwa umri wake, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimia kule kwao.

"Sikutaka gari, shemeji. Likienda kabla hamjaona mkono, mimi nitakufa mwongo."

Babu akakohoa. Akasema rangi isiguswe, gari ni orijino, hakuna kitu cha kuona. Tukamwonyesha tena zile nguzo mbili na sumaku yetu. Akasema tena imechoka. Ndipo bibi, aliyekuwa anakoroga ugali, akauinua mwiko bila kugeuka: "Mzee, mficha uchi hazai. Unaogopa mkono au unaogopa puti?"

Loo! Babu alisimama kana kwamba amekalia kaa la moto. Akaichukua sumaku mwenyewe, akaiweka kwenye nguzo ya kulia. Ikadondoka. Akaiweka tena. Ikadondoka tena. Akagonga kwa kidole, nguzo ikanyamaza. Uso wake nauona mpaka leo, uso wa mtu aliyeambiwa mke wake ana jina jingine. Miaka yote ile alikuwa amejivunia puti.

Bisibisi aliishika yeye, hakutaka tumsaidie. Puti ilitoka vipande vipande, nyeupe, ikimwagikia viatu vyake. Chini yake ukatokea mpasuo mwembamba, umenyooka, kingo zake zimekunjwa kwa ndani, laini. Babu akapitisha kidole. "Ya kiwandani," akanong'ona. "Wallahi hii ni ya kiwandani!" Bibi akaleta mafuta ya cherehani yake, wakadondosha humo. Babu akaleta betri ya pikipiki ya zamani, akahangaika na nyaya huku akitutukana kwa upendo. Kwanza kimya. Kisha tak. Kisha, polepole, kama mtoto asiye na uhakika wa jibu darasani, mkono ukanyanyuka kutoka ubavuni mwa gari.

Ulikuwa wa pembe. Rangi ya asali, na jua la jioni likapita ndani yake.

Hakuna aliyecheka. Kisha mjukuu wa Nyogokuru akapiga kelele hata mbwa wakaanza kubweka, nasi tukarukaruka, na bibi akapiga vigelegele na mwiko mkononi. Babu alikuwa amechuchumaa, machozi yanamtoka wala hayafuti. "Nisamehe, shemeji," akasema. "Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Chukua gari lako."

Nyogokuru akacheka kile kicheko chake kikubwa. Gari la nini, kuku wametagia? Babu akataka basi amtolee ule mkono auweke nyumbani. Akakataa nao. Akaweka kiganja chake juu ya pembe, akatusimulia siku waliyotoka kwao. Mume wake alikuwa anaendesha, watoto wamelala nyuma, barabara tupu mbele na nyuma. Walipofika penye njia ya kuelekea Mabamba, akaunyanyua mkono wa kulia. "Nikamwuliza, unamwonyesha nani? Hakuna mtu. Akaniambia, namwonyesha atakayekuja nyuma." Walipofika Kibondo wakaliuza kwa mfanyabiashara mmoja, wakanunua majembe. "Uacheni hivyohivyo," akasema. "Usimame."

Asubuhi lori likaja. Vijana wa skrepa wakalipakia gari na mkono wake umesimama, babu akauimarisha kwa waya, akawaapisha wasiuguse. Nyogokuru na bibi walikaa kwenye kigoda kimoja, wameshikana. Lori lilipofika barabara kubwa, unajua lilikata wapi? Kulia! Kuelekea Kibondo, kule babu alikolinunua gari. Watu wazima wakaangua kicheko, na sisi watoto wote wa mtaa tukalikimbilia nyuma kwenye vumbi jekundu mpaka pumzi zikatuishia.

Sasa babu hayupo, Nyogokuru hayupo, na pale lilipokaa gari bibi anaanika maharage peke yake. Shuleni tulikosoma hakuna tena anayejua hadithi hii. Siku hizi gari likitaka kukata kona linakonyeza tu, tena wengine hata hawakonyezi.

Kaka alilinunua lile gari, puti na yote, baada ya kumbana muuzaji apunguze bei. Tulipofika njia panda akawasha indiketa ya kulia. Barabara ilikuwa tupu. Akacheka, akaniuliza kwa nini nimegeuka kutazama nyuma.

"Endesha," nikamwambia. "Naangalia kama kuna watoto."