Mkono Ndani ya Mashine ya Kuranda

Kabla hujasema kwamba nilikuwa nimekunywa, nikueleze mimi ni mtu wa namna gani. Natengeneza mota za umeme hapa Bukavu, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa vitabu chakavu vya Kifaransa na kwa kuunguza mota kadhaa. Kitu nisichoweza kukipima sipendi hata kukizungumzia. Haya yalinitokea mimi, mchana, nikiwa na akili zangu, na shemeji yangu Bahati yupo hai. Ukitaka, mwombe akuonyeshe mkono wake.

Karakana moja kubwa ya mbao huko Ibanda ilikuwa imenunua mashine mpya. Za zamani zikafumuliwa, nami nikachukua vipande vya mashine moja ya kuranda: mota yake nzito, ngoma ya visu, puli na swichi. Mota ilikuwa nzima kabisa. Niliifungua, nikazikausha waya zake, nikazipaka vanishi upya, nikabadilisha rulma, zile gololi zinazobeba mhimili. Ngoma niliisugua kwa brashi na petroli mpaka chuma kikang'aa. Kisha nikaunda meza ya chuma, vyote nikavifunga juu yake, na mashine ikawa ya Bahati, ingawa ilikaa humo humo karakanani kwangu.

Bahati ni mdogo wa mke wangu, seremala mwenye mikono mizuri kuliko yangu. Parokia moja ya upande wa Katana ilikuwa imempa kazi ya kutengeneza mabenchi ya kanisa zima. Kwa randa ya mkono asingemaliza, na kazi angepewa mwingine. Kwa mashine angemaliza, na jina lake lingejulikana hadi ng'ambo ya pili ya ziwa. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Unaelewa alivyoipenda ile mashine.

Sasa sikiliza jambo moja kuhusu umeme wetu, courant kama tunavyouita. Unakatika bila kuaga na unarudi bila kubisha hodi. Kwa hiyo ukikatika, wengi wetu hatuzimi mashine. Tunaiacha swichi ilivyo, tunakaa mlangoni tunapiga soga, na mashine ikinguruma tunajua umerudi. Mashine mpya hazikubali mchezo huo, kwa sababu swichi zake hujizima zenyewe mpaka uzibonyeze tena. Ile ya zamani ilibaki pale ulipoiacha.

Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa na umeme ulikuwa umekatika. Bahati alikuwa amepanda kwenda kula maharage kwa mama mmoja anayeuza huko juu. Mimi nilikuwa kwenye pembe, nimeinamia meza yangu, nanyoosha waya. Nikasikia maranda yanakwaruzwa. Nikageuka.

Mwanaume mwenye salopeti ya buluu, ile ovaroli ya mafundi, alikuwa ameinama kwenye mashine. Mkono wake wa kuume ulikuwa umezama mpaka kiwiko ndani ya mdomo wa mashine, anachota maranda na kuyamwaga chini. Mvua ilipiga bati kama kokoto, na njia ya kufika kwetu ni ngazi moja tu ya udongo isiyo na paa. Yule mtu alikuwa mkavu.

Nilidhani ni fundi mwenzake Bahati. Wewe ungedhani nini?

"Papa, toa mukono," nikamwambia. "Swichi haijazimwa."

"Najua."

"Courant inaweza kurudi saa yoyote."

"Inarudiaka," akasema, bila kunitazama. "Mi niko nasafisha tu. Ule kijana wenu, anasafishaka na mukono gani?"

"Wa kuume."

"Njo maana tunagongana humu ndani."

Hapo ndipo nilipoyatazama maranda. Yalikuwa mekundu. Niamini, Bahati hakuwahi kupitisha kitu kingine kwenye mashine ile ila mbao za sipre, na maranda ya sipre ni ya njano hafifu. Haya yalikuwa ya libuyu, mti mgumu wa mbao nyekundu, mabichi, na harufu yake ilikuwa imejaa chumba kizima. Nikaifuata swichi. Kabla sijaifikia, balbu ikawaka, na mashine ikanguruma.

Yule mtu hakupiga kelele. Aliinua uso akanitazama kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyeitwa jina akiwa kazini. Kisha mashine ilikuwa inazunguka peke yake. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na damu. Maranda mekundu yalikuwa palepale chini.

Bahati aliingia ameloa. Hakuwa amepishana na mtu yeyote kwenye ngazi. Nilipomsimulia, alicheka mpaka akakaa.

"Shemeki, ulilala. Unazeeka, ni hiyo tu."

"Na haya maranda?"

"Yalibakia mu ngoma."

Nilimwomba asiitumie mashine mpaka nijue inatoka kwa nani. Akanitazama kana kwamba nimemwambia amrudishe mke kwao. "Na ile mabenchi? Nitaranda na meno?"

Nikaenda Ibanda, kwenye ile karakana, nikamwuliza mtunza stoo ni nani alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ile, na kama alifia hapo.

"Afe nini? Eko Luvungi, analima. Courant ilimurudilia akiwa anasafisha, ikamukata mukono."

Sijui kama unanielewa. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za marehemu. Kwa marehemu unaomba misa. Kwa mtu aliye hai anayelima mahindi, unafanya nini?

Siku iliyofuata nilishuka Luvungi. Mtu huyo nitamwita Papa Zawadi, si jina lake. Alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, mkono wa kuume wa shati umefungwa fundo, na mkewe kando yake anapukuchua mahindi kwenye beseni. Uso ulikuwa uleule. Na kabla sijamsalimu, yeye ndiye alianza.

"Wewe njo ule wa kwenye pembe, mwenye waya."

Mtu huyo hakuwahi kukanyaga kwangu. Alinieleza polepole, bila aibu. Nyumba yake haina umeme. Lakini umeme ukikatika Bukavu, yeye anajua. "Mi nakaa hapa. Mukono inaenda kazi." Zamani mkono huo ulikuwa ukisafisha peke yake. Tangu mota ihamie kwangu, kulikuwa na mkono mwingine unaoingia humo. "Mukono ya moto," akasema. "Ya mutu mwenye nguvu."

Bega lake la kuume likaanza kucheza, kama la mtu anayetafuta kitu ndani ya gunia. Mkewe aliinua beseni akaingia ndani, kama mtu anayeona mvua imeanza.

"Courant imekatika kwenu," Papa Zawadi akasema.

Nikampigia Bahati simu.

"Uko wapi?"

"Kwa mashine. Courant imeenda, niko nasafisha kidogo."

"Toa mukono, Bahati."

"Shemeki, unaanza tena." Halafu sauti ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Kuko mutu ananishika."

Papa Zawadi alikuwa amefumba macho, jasho linamtoka. Bega halikucheza tena. Lilikuwa limekaza, kama la mtu aliyeshika kamba ya mbuzi anayetaka kukimbia.

"Papa, umuachilie," nikasema. "Eko na mutoto muchanga. Nakuomba, umuachilie."

Alizidi kukaza bega. Sijui muda ulikuwa kiasi gani, na mimi ni mtu wa kupima. Kisha bega likashuka. Kwenye simu kitu kizito kilianguka, na juu ya mshindo huo nikasikia mashine inanguruma. Ilinguruma kwa muda mrefu kabla sijamsikia Bahati akilia.

Papa Zawadi alijifuta uso. "Nimemuachilia. Lakini sitakudanganya, nilitaka abakie. Myaka hii yote niko peke yangu mule ndani." Akatazama chini. "Safari ingine, sijui."

Bahati ana vidole vyake vyote. Mashine niliifungua mwenyewe nikamshushia Papa Zawadi mota na ngoma, kwa sababu ningemuuzia mtu mwingine, mtu huyo naye angekuja kuingiza mkono. Mkewe anasema sasa mumewe analala, ila mota haiondoi kando ya kitanda. Mabenchi yaliyobaki alipewa fundi mwingine. Bahati anaranda kwa mkono, milango na vitanda vya majirani, na hajanilaumu. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kuume pana alama kama ya kamba iliyokazwa, na umeme ukikatika anauficha mkono huo kwapani mpaka taa ziwake. Mkewe anadhani ni baridi.

Nawe unayechukua vyuma vya zamani, uliza nani alisimama mbele yavyo. Usitosheke kuambiwa kwamba hakufa. Umeme ukikatika, zima swichi, hata mtaa wote ukucheke. Na siku utakapoingiza mkono kwenye maranda ukagusa kitu cha moto, usijiambie kwamba ni mota haijapoa.