Mashine Iliyongoja Mkasi

Kazi yangu ni kufundisha vikundi namna ya kuanzisha na kuendesha mradi. Nabandika karatasi kubwa ukutani, naandika kwa kalamu nene: wazo, andiko, bajeti, utekelezaji, ufuatiliaji. Watu wananakili kila neno, maskini, wakidhani wako mbele ya mtaalamu. Mradi niliousimamia mwenyewe tangu mwanzo ni mmoja tu, kijijini kwetu Busi, na niliuua mimi.

Ulikuwa mradi wa kukamua alizeti. Mama yangu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, na ndiye aliyenipigia simu huku mjini, Nzuguni ninakoishi. “Baba, kila mwaka tunamuuzia mlanguzi mbegu, halafu tunarudi dukani kununua mafuta. Wewe si umesomea haya mambo? Tuandikie.”

Nikaandika. Mfadhili akakubali, fundi wa Kizota akaunda mashine, nami nikaisindikiza mpaka kijijini, kifua mbele. Ilikuwa mwezi wa sita, alizeti imeshapigwa na kutiwa kwenye magunia. Fundi akaijaribu kwa debe moja, mafuta yakatoka, wanawake wakapiga vigelegele. Mama akawaambia wenzake palepale kwamba mtu asimuuzie mlanguzi hata kilo moja. Walimsikiliza kwa sababu ni yeye aliyesema.

Halafu nikaifunga. Ofisini nilikuwa nimeambiwa mashine isiguswe mpaka mgeni rasmi aje kuizindua, maana hawezi kukata utepe kwenye kitu kilichokwisha kuchafuka. Kwa hiyo nikaifuta, nikaifunga utepe mwekundu, nikatia kufuli mlango wa banda lake na kurudi mjini. Mbegu zipo, mashine ipo, na watu wazima tunasubiri mkasi! Wala sikuona ajabu. Kwetu sisi wa maofisini, kitu kisichozinduliwa hakijaanza kuwepo.

Mgeni rasmi alipangiwa mwezi wa saba, akapata safari. Wa nane, akapata kikao. Mama akapiga simu kwamba panya wameingia kwenye magunia. Akapiga tena: mwenzao mmoja mtoto wake anadaiwa ada shuleni, yeye mwenyekiti amwambie nini? Nikasema avumilie, ni wiki ijayo tu.

Mara ya tatu aliniomba. “Njoo utufungulie walau siku mbili. Huo utepe tutaufunga tena, nani atajua?”

Nilimfokea. Nilimfokea mama yangu mzazi kwa kuogopa barua ya onyo, na barua yenyewe hata hakuna aliyekuwa ameiandika. Naona aibu kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mvua zilipokaribia, wanawake waliishiwa subira. Mlanguzi alijua hawana pa kwenda, akataja bei aliyoitaka yeye. Walipitisha magunia mbele ya nyumba ya mama bila kumsalimia.

Uzinduzi ulifanyika mwezi wa pili, mashamba ya kijiji kizima yakiwa mtama na ulezi, hakuna aliyepanda tena alizeti. Nilibeba alizeti kutoka mjini ili mgeni rasmi aone mafuta yakitoka. Akakata utepe, akawasha mashine, akapigwa picha. Kisha mwenyekiti akaitwa atoe neno la shukrani.

Mama alimshukuru mgeni kwa Kiswahili, kwa kifupi. Halafu akawageukia wenzake, akasema kwa Kirangi, lugha yetu ya nyumbani: “Mimi ndiye niliyewazuia kuuza. Niliwadanganya. Nawaomba radhi, na uenyekiti nauacha leo.”

Wanawake walitazama chini. Mimi nilikuwa meza kuu, karibu kabisa na kipaza sauti. Ilitosha kusimama na kusema kwamba aliyedanganya hakuwa yeye. Sikusimama.

Mgeni rasmi aliniinamia sikioni, akauliza yule mama anasema nini.

“Anashukuru,” nikamwambia, naye akaanza kupiga makofi.