Uzito Niliousahau Kwenye Sumaku

Saa nane mchana, zikiwa zimebaki saa mbili tu kabla ya mahojiano yangu, niligundua kwamba grafu nilizomtumia mhadhiri wa Dar es Salaam zilikuwa na kosa.

Sikuligundua peke yangu, na hilo bado linaniuma. Nilikuwa chumbani kwangu Turwa, nikifanya mazoezi ya kuzungumza mbele ya dada yangu, ambaye anauza vitenge Sirari na siku hiyo hakwenda sokoni. Sina shahada. Baada ya kidato cha sita alama zangu hazikunifikisha chuo, nikawa nafundisha tuisheni Mugumu na kujisomea fizikia kwenye simu. Mhadhiri alikubali kunisikiliza kwa video dakika ishirini. Akiridhika, angeniingiza kwenye kundi lake la watafiti. Asiporidhika, sikuwa na mlango mwingine.

"Anza," dada alisema. "Mimi ndiye profesa. Nisalimie kwanza."

Nikamsalimia, nikamweleza. Nukta kwanta ni punje ndogo mno ya kitu kama kile kinachotumika kutengeneza vifaa vya simu. Elektroni ikifungiwa humo haiwezi kuwa na nishati yoyote tu. Ina ngazi zake. Ukiweka uga wa sumaku, ngazi ya chini kabisa inapanda na zilizo juu yake zinagawanyika. Ukiigandamiza punje, elektroni inakuwa kama imeongezewa uzito, na ngazi zinashuka. Mimi nilikuwa nimekokotoa vyote viwili kwa pamoja.

Dada aliitazama grafu niliyoibandika ukutani. "Kwa hiyo ikigandamizwa inakuwa nzito."

"Ndiyo."

"Halafu ikikutana na sumaku inavua huo uzito, inauacha mlangoni?"

Nilicheka. Kisha nikafungua programu yangu na kicheko kikaisha. Sehemu ya kwanza, uzito ulibadilika na mgandamizo, sawasawa. Kwenye sehemu ya sumaku nilikuwa nimeandika namba moja ya majaribio, uzito wa punje isiyogandamizwa, na sikurudi kuibadilisha. Ndiyo maana mistari yangu ilikwenda sambamba, mizuri, wakati ilitakiwa iachane kadiri uga unavyoongezeka. Nilitumia wiki tatu kuchagua rangi za mistari ile.

Nilisahihisha nikaanza kukokotoa upya. Kompyuta yangu ilihitaji karibu nusu saa kwa kila kiwango cha mgandamizo, na viwango vilikuwa sita.

"Mura, onyesha zile za zamani," dada alisema, akiniita kijana kwa lugha ya kwetu. "Nani atajua?"

Nakiri nililifikiria hilo kwa muda mrefu. Ilipofika saa kumi kasoro dakika tano grafu zote mbili zilikuwa wazi mbele yangu, ile kamili yenye uongo na ile ya kweli yenye mistari mitatu tu kati ya sita.

Uso wa mhadhiri ukatokea.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Karibu, tunakusikiliza."

"Grafu nilizokutumia zina kosa," nilisema, haraka, kabla sijaweza kujizuia. Nikaonyesha ile yenye mistari mitatu.

Aliisogelea kamera, akaitazama.

"Umelionaje?"

"Dada yangu aliniuliza swali."

Mmoja wa watafiti waliokuwa naye alicheka. Mhadhiri hakucheka. Aliniuliza mgandamizo ukizidi mistari itaelekea wapi, nikamjibu, akauliza kwa nini, nikamjibu tena.

"Jumatatu utaingia kwenye kikao na wenzako," alisema mwishowe. "Lakini nitumie hiyo programu yote. Sasa hivi, kama ilivyo."

Kama ilivyo! Ilikuwa imejaa majina ya ovyo na mistari niliyoifuta nusunusu. Niliomba saa moja tu niipange.

"Sasa hivi," alirudia.

Dada alisogea, akautazama mkono wangu juu ya kitufe cha kutuma. Nikaituma.