Nilipima korongo la makaburini kutoka juu, kisha nikashuka chini

Wakuu, salaam kutoka Lubumbashi. Haya niliyaona kwa macho yangu na nitayaeleza kama yalivyokuwa.

Mimi ni mpimaji niliyejifunza mwenyewe, kwa vitabu na programu za bure. Kamati ya mtaa wetu iliniomba nichore ramani ya korongo lililo nyuma ya makaburi.

Kwa wasiolijua eneo: ni udongo mwekundu mtupu, hakuna mti, mvua imeukatakata hadi unafanana na jangwa lenye mabonde membamba. Kila msimu wa mvua korongo linasogea.

Kaburi lililokuwa karibu zaidi na ukingo ni la mume wa mama Ngoie. Alitaka mumewe ahamishwe kabla ya mvua. Lakini kwetu mjane haamui peke yake, ukoo wa mume lazima ukubali. Mdogo wa marehemu, papa Ilunga, alikataa. Aliogopa kwamba kumfukua kungeiletea familia msiba mwingine.

Nilirusha droni, nikatengeneza ramani. Ukingo ulionekana mzima, mbali kidogo na kaburi.

Papa Ilunga aliishika karatasi akacheka. "Unaona, mama Ngoie? Enjenia yako ya telefone mwenyewe anasema budongo iko mingi. Wacha yaya alale." Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Karatasi haifikaka kule, shemeji," mama akamjibu. "Miye njo nafikaka kila dimanshi, naona namna inabomoka." Dimanshi, yaani Jumapili, ndiyo siku yake ya kuzuru kaburi.

Nieleze kidogo. Droni hupiga picha kutoka juu, kompyuta inazigeuza kuwa mistari ya mwinuko. Haioni kilicho chini ya ukingo.

Maneno ya mama yalinikaa. Nikafunga kamba, nikashuka kupima ukuta wa korongo kutoka chini.

Ule ukingo ulikuwa ganda tu. Maji yalishachimba pango chini yake, na kwenye dari ya pango ulitokeza ubao wa jeneza.

Sikupiga picha. Nilipanda, nikamwambia papa Ilunga, "Papa, tushuke wote."

Alishuka. Alitazama juu, akauona ubao, akavua kofia.

"Yaya," akasema polepole, "utusamehe. Tunakuya kukubeba."

Tulimhamisha wiki hiyo hiyo, kwa sala, mama Ngoie akitangulia.

Nilichojifunza: ardhi ikishakatika, ramani ya juu ni nusu ya kazi. Kabla hujamwambia mtu kwamba marehemu wake yuko salama, shuka ukaone.

Mwenye uzoefu wa kupima kuta za makorongo aniandikie hapa anavyofanya. Makaburi mengine bado yako pale, na familia zenye marehemu pale zimeanza kuniuliza.